Mbirimbi na Kadhi wa Cordoba

Wazee wangu, na nyinyi vijana mliofika, ahsanteni. Leo nazungumzia mti ambao wengi wenu mnao uani: mbirimbi.

Utazameni kwa karibu. Maua yake mekundu huchipua palepale kwenye gome la shina, na mabirimbi hujazana hapo kwa vichala, mengine chini kabisa, mtoto anayafikia. Bichi ni la kijani na gumu, mfano wa tango dogo. Likiiva huwa manjano, hulainika, hudondoka lenyewe. Ukali wake mnaujua kwenye mchuzi wa samaki na kwenye achari.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika mti huu kwa jina la Averrhoa bilimbi. Hilo la pili halitupi shida. La kwanza ndilo lililonisimamisha hapa. Limetokana na Averroes, ndivyo Walatini walivyomwita Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyezaliwa Cordoba, Hispania, mwaka 1126, akawa kadhi Seville na kwao Cordoba, kisha tabibu wa makhalifa wa Muwahhidun, nasaba iliyotawala Morocco na Hispania ya Kiislamu. Mwaka 1195 alifukuzwa akapelekwa Lucena, na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa moto. Alifariki Marrakesh mwaka 1198. Wanaosoma fiqhi wanamjua kwa kitabu chake Bidayat al-Mujtahid. Wanaosoma baiolojia wanakariri Averrhoa kwa ajili ya mtihani. Inaniuma kwamba hawa wawili hukaa darasa moja na hakuna anayewaambia kuwa jina hilo ni la mtu yuleyule.

Jenasi yenyewe ya Averrhoa, yaani kundi la mimea ya karibu inayobeba jina hilo, ni ndogo, spishi chache tu, nyingi za Indonesia. Linnaeus aliingiza tatu. Moja baadaye ilihamishiwa ukoo mwingine. Ndugu wa mbirimbi anayejulikana zaidi duniani ni carambola, ambaye tunda lake ukilikata linatoa vipande vya umbo la nyota.

Ibn Rushd aliandika pia kitabu kikubwa cha tiba, al-Kulliyyat, kwa hiyo sitaondoka bila neno la tiba. Siku hizi watu wanashauriana kusaga mabirimbi na kunywa juisi yake nzito, eti ishushe mafuta ya damu. Msifanye hivyo. Birimbi lina asidi ya oksaliki kwa wingi. Ikizidi mwilini hushikana na kalsiamu, ikawa chembe ngumu zinazoziba mirija ya figo. Kule Kerala, India, madaktari waliripoti wagonjwa 10 waliofeli figo ghafla baada ya kunywa juisi hiyo, na wengi wao ilibidi wasafishwe damu kwa mashine. Vipande vichache kwenye mchuzi ni jambo jingine kabisa.

Na mwenye maradhi ya figo asiguse lile tunda la nyota hata kidogo, kwa sababu lina sumu inayopanda kwenye ubongo figo zikishindwa kuitoa. Mkimwona ana kwikwi isiyokatika, au maneno yake hayashikani, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mwambieni daktari amekula nini.