Joto la Chini ya Dema

MWANAISHA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Leo tunazungumzia bahari inavyopata joto, na nani anayelipima. Salim, anzia 1998.

SALIM: Waaleikum salaam, Bi Mwanaisha. Mwaka ule, kaskazi ikiishia, maji yalikaa moto mno. Matumbawe yakapauka, yaani yakageuka meupe, na miamba mingi ya Kenya ikapoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Mwaka 1999 ikaundwa CORDIO, taasisi ya utafiti wa matumbawe, ambayo kwa Afrika Mashariki ina makao hapa hapa Mombasa. Hupokea taarifa za kupauka kutoka kwa wapiga mbizi, wavuvi, yeyote aliyeona.

MWANAISHA: Joto lenyewe likizidi kiasi gani?

SALIM: Digrii 1 tu juu ya kawaida ya mwezi wenye joto kuliko yote. Likidumu wiki kadhaa, matumbawe yako hatarini.

MWANAISHA: Na setilaiti inasoma uso wa maji tu. Huko chini kwa tewa na changu, mwenye dema, ule mtego wa samaki, ndiye anayefika.

SALIM: Nyuzilandi walilifanyia kazi hilo. Mradi wa Moana, ulioanza 2018, ulifunga vipimajoto vidogo kwenye nyavu na mitego ya wavuvi. Kikizama kinarekodi joto na kina. Kikitoka majini kinatuma takwimu kwenye kisanduku kilicho chomboni, nacho kinazipeleka nchi kavu.

MWANAISHA: Mimi kilichonigusa ni kwamba Wamaori wa kabila la Whakatōhea, wenyeji wa asili wa huko, waliingia humo kama washirika, na elimu ya wazee wao ikahesabiwa kuwa elimu.

SALIM: Kuna mzee mmoja wa Timbwani, hapa Mombasa, nilimwona akipandisha dema. Kabla ya kutazama samaki, alilishika lile jiwe la kuzamishia, akatuliza kiganja juu yake. Akasema, "Chini leo kuna moto."

MWANAISHA: Subhanallah! Sasa kifunge kipimajoto kando ya jiwe hilo. Mtafiti anapata tarakimu, na mzee anamwambia pale mwambani maji baridi hupanda wapi na samaki hukimbilia wapi joto likizidi.

SALIM: Ila zirudi, hizo tarakimu. Wavuvi wetu wameulizwa maswali mpaka wamechoka. Mtu anakuja na karatasi, anaondoka, ripoti inaandikwa Kiingereza, na bandarini halifiki hata neno.

MWANAISHA: Hilo linaniuma sana. Takwimu zitokane na dema lake halafu asizione? Ziletwe kwenye ofisi ya BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, kila wiki, kwa Kiswahili, zisomwe wavuvi wakiwepo. Na dema likipotea na kifaa ndani, asidaiwe mvuvi.

SALIM: Je, ramani ya mtafiti ikisema kifungwe hapa, mzee akasema pale?

MWANAISHA: Vifungwe viwili. Na cha mzee kitangulie.