Majani 60, Yakabaki 18

Walimu wangu, wanafunzi wenzangu, nanyi wageni mliokuja kutazama kazi zetu, habari za mchana.

Koti hili nimelivaa makusudi. Mnaona majani yaliyotariziwa kutoka bega la kushoto yakishuka hadi kiunoni. Yapo 18. Kwenye mchoro wangu wa kwanza yalikuwa 60.

Nilichora koti zima kabla sijashika sindano. Baadaye ndipo nikatarizi jani moja la majaribio huku nikitazama saa: dakika 40. Majani 60 ni saa 40, bila kuhesabu kufumua, nami hufumua sana. Hata hivyo, si saa zilizoniangusha.

Kilichoniangusha ni kifua cha koti. Nilikata kitambaa, kitani chepesi, kwa vipimo kamili, kisha nikatarizi juu yake nyuzi zikibanana hadi kitani hakionekani. Kila mshono hukivuta kitambaa kidogo mno, huwezi kuona. Sasa piga mishono mia kadhaa inayoelekea upande mmoja. Nilipokitoa kwenye fremu, kipande cha kushoto kilikuwa kimepungua karibu sentimita 2 kuliko cha kulia. Nikanyunyizia maji, nikapiga pasi, nikavuta kwa mikono. Wapi! Mwalimu wa ushonaji alikitazama, akauliza, "Kwani ulikata kwanza?" Akaendelea na safari yake.

Mara ya pili nilifua kitambaa, ili kama ni cha kupungua kipungue mapema. Nikachora kipande kwa chaki, nikaacha ziada pande zote, nikaweka kitambaa cha kukazia kwa nyuma, nikatarizi. Pasi niliipiga upande wa nyuma, nakshi ikiwa imelalia taulo isije ikabonyea. Ndipo nikakata.

Uzi nao ulinifunza. Uzi wa pamba wa kutarizi huwa na nyuzi 6 nyembamba ndani yake, unachambua unazozitaka. Kwa uroho wa kumaliza haraka nilitumia zote, jani likawa gumu kama gamba. Kwa nyuzi 2, jani linakunjika pamoja na nguo.

Hapo nikajiuliza nguo yenyewe inakunjika wapi. Nikashona koti la majaribio kwa kitambaa cha bei rahisi, nikalivaa, nikaketi, nikainua mikono, nikabeba begi. Kila palipojikunja au kusuguliwa nikapatia alama ya chaki: kiwiko, kwapa, na bega zima la kulia, maana ndilo la begi. Uzi mrefu ulioelea juu ya nguo ukikaa mahali kama hapo, hunaswa na kila kitu. Nikafuta kila jani lililoangukia chaki. Wenzangu walinisifu kwa kuacha upande mmoja mtupu, wakadhani ni falsafa. Nikanyamaza.

Sasa nalivua, nitaligeuza nje ndani, mpokezane. Karibu na kiuno mtakuta mafundo mawili makubwa. Niliyafunga usiku wa mwisho, na tangu nisimame hapa yananikwaruza.