Salamu Ziishie Nje ya Mstari
Mhadhara kwa waamuzi wapya wa mpira wa miguu, Arua, Uganda

Asanteni sana. Wale wa nyuma sogeeni mbele, sauti yangu niliiacha uwanjani Jumapili.

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini na mada ndefu kuhusu maandalizi ya mwamuzi kwa mechi yake ya kwanza ya watu wazima. Kwenye ratiba naona ofsaidi mmeshafundishwa, mpira wa mkono pia, na ile mpya ya 2025 ya golikipa kung'ang'ania mpira zaidi ya sekunde 8 halafu wapinzani wakapewa kona. Basi hayo siyagusi. Sheria zote 17 mnazo na mtihani mmefanya. Mimi nina jambo moja tu, na wanaonijua wanalijua, naona wengine wameanza kucheka. Chekeni. Nitalisema tena.

Mwamuzi kijana hashindwi mechi ya watu wazima kwa kutojua sheria. Anashindwa kwa sababu ameingia uwanjani akiwa bado mtoto wa watu.

Kwenye mechi za watoto mkubwa ni wewe. Ukipuliza, mtoto anasimama. Asiporidhika analia, na akilia mama yake yupo pale pembeni. Sasa Jumamosi umepangiwa walimu dhidi ya vijana wa steji ya boda boda. Namba 10 ndiye aliyekufundisha hesabu. Golikipa ni mjomba wako. Namba 4 ni afande wa kambini, ambaye hata baba yako akikutana naye njiani huwahi kumsalimu. Na wewe una miaka 19 na filimbi shingoni. Hapa kwetu kijana akiongea na mkubwa anainamisha macho na kushusha sauti, na binti anapiga goti. Ni malezi mazuri, sina ugomvi nayo, wanangu nimewalea hivyohivyo. Ila sijaona kozi inayomwambia kijana ayaweke wapi malezi hayo akifika kwenye mstari.

Kuna mechi nilikwenda kumtathmini binti mmoja. Sitaji jina wala timu, na asijaribu mtu kukisia. Binti huyu kwenye mashindano ya shule alikuwa moto, anakimbia, anajua kusimama, ishara zake safi. Mimi nimekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki na daftari langu. Dakika ya nne namba 10, mwalimu, anampiga mtu kiatu kwenye kifundo cha mguu. Faulo, haina mjadala. Binti anapuliza, mkono umenyooka, upande ameonyesha. Mwalimu anamfuata polepole, anatabasamu, anamwambia, "Mwanangu, hiyo si faulo, tazama vizuri." Hakupaza sauti, hakutukana. Na yule binti akaishika filimbi kwa mikono miwili, goti la kulia likakunja. Kidogo tu, nadhani mwenyewe hakujua. Kisha akasema, "Samahani, mwalimu."

Samahani! Faulo umeiona, uamuzi ni wako, samahani ya nini?

Uamuzi wenyewe haukubadilika, boda boda walipiga mpira wao kama kawaida. Lakini kapteni wao alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, na goti lile aliliona kama nilivyoliona mimi. Akawageukia wenzake: "Jamani, refa ni mwanafunzi wake." Basi. Kuanzia hapo kila filimbi ikipulizwa, nusu ya uwanja inauliza mwalimu amesemaje. Akiwapa boda boda mpira, benchi la walimu linamwita mwanangu, mwanangu, kama wako nyumbani. Akiwapa walimu, boda boda wanapiga makofi ya kejeli. Kipindi cha pili beki wa boda boda anamvuta mtu jezi ndani ya boksi, penalti halali kabisa, na binti anaitoa bila kusita. Wakamzunguka, kama wanane hivi. Mmoja akamtukana mama yake. Kadi nyekundu, nayo halali. Boda boda wakavua jezi wakaenda kukaa chini ya mwembe, na timu ikibaki na wachezaji chini ya 7 hakuna mpira tena.

Sasa sikilizeni. Nilipitia daftari langu lote usiku ule. Kosa la sheria halikuwemo. Hata moja! Kila alichopuliza kilikuwa sahihi, na mechi ilivunjika mikononi mwake.

Na mwalimu? Alikuja kunisalimu, akaniambia, "Huyu binti ni mzuri, ila bado mdogo."

Najua mnataka kusema nini. "Mzee, unatufundisha utovu wa adabu." Hapana. Nawafundisha adabu iwe na mahali pake. Fika mapema. Mtafute mwalimu wako akiwa bado anafunga kamba za viatu, msalimie salamu yake yote, goti na kila kitu, muulize habari za nyumbani na za ng'ombe kama anao. Kisha mwambie hapohapo, kwa upole: mwalimu, leo ndani wewe ni namba 10. Mtu mzima mwenye akili atakuelewa, na wengi watafurahi. Asiye na akili angalau umemjua kabla mpira haujaanza. Ukivuka mstari hakuna mjomba wala afande humo ndani. Kuna namba, na kuna kapteni.

Mwingine atasema, "Mzee, sisi tunaishi hapa, kesho nitakutana naye sokoni." Ndiyo, utakutana naye. Mimi shemeji yangu nilimtoa kwa nyekundu kwenye uwanja wa kijiji chake mwenyewe, na Iddi iliyofuata ndiye aliyenikatia nyama. Aliyeninunia ni dada yangu, na hilo ni jambo la familia.

Tuje kwenye vitendo. "Mwanangu" si tusi, msije mkatoa kadi kwa neno hilo halafu mkasema mimi ndiye niliyewatuma. Neno hilo ni mlango tu, anajaribu kama uko wazi. Usimjibu neno kwa neno, usieleze faulo ilikuwaje, usitabasamu. Na usimfuate alipo. Simama pale ulipo, umwite, aje yeye, na kapteni wake aje. Akifika abaki umbali wa mkono ulionyooka. Mwambie sentensi moja: namba 10, ya kwanza na ya mwisho. Umuonyeshe sehemu yake ya kwenda. Watu 21 waliobaki wanatazama picha hiyo, na kapteni wa timu ya pili anaitazama kuliko wote. Akirudia, sheria inasema kupinga uamuzi kwa maneno au kwa vitendo ni njano. Haijasema "isipokuwa akiwa mtu mzima", wala haijasema asubiriwe mpaka atukane. Matusi na maneno ya kudhalilisha ni nyekundu moja kwa moja. Ninyi vijana mnalimbikiza: mnamvumilia namba 10 mara sita, halafu kijana wa boda boda anasema mara moja tu, kwa sauti mbaya, mnamtoa. Ndiyo maana wanavua jezi.

Kuna kocha mmoja hapa mjini kila tukikutana ananiambia kadi ni za ligi kubwa, kwenye mpira wa mtaani watu wanaelewana kwa kuzungumza. Kocha, kama umo humu, hii ni yako. Mwaka 1966 pale Wembley, robo fainali ya Kombe la Dunia, Uingereza na Argentina, refa ni Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Akamtoa kapteni wa Argentina, Antonio Rattín. Refa hajui Kihispania, Rattín hajui Kijerumani, na hakuna kadi, ni mdomo na mikono tu. Rattín akagoma kutoka, mpira ukasimama dakika kadhaa, fujo tupu. Mwingereza Ken Aston, ambaye ndiye aliyewasimamia waamuzi kwenye mashindano yale, akapata wazo la rangi kutoka kwenye taa za barabarani, na Mexico 1970 kadi zikaanza kutumika. Sasa hesabu sisi hapa. Kilugbara, Kialur, Kimadi, Kikakwa, Kinubi, Kiswahili, Kiingereza cha shule. Mechi moja ina lugha tano na kila lugha ina namna yake ya kumheshimu mkubwa, halafu unaniambia tuzungumze! Kadi haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Inatoka mfukoni, kila mtu ameiona, hata yule bibi anayeuza karanga kule kona.

Tena waliotunga sheria wenyewe wameona watu wazima hawaachi kumzunguka refa. Tangu 2024 mashindano yanaruhusiwa kuweka utaratibu wa kapteni pekee kumkaribia mwamuzi. Ulizeni waandaaji wenu kama wameuchukua. Kama hawajauchukua, utangaze mwenyewe kwa makapteni wakati wa kurusha sarafu. Hakuna atakayekupeleka jela kwa hilo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Bado nilikuwa na mada ya namna ya kusimama uwanjani, kuacha mpira uendelee kwa faida ya aliyechezewa faulo, na habari ya wasaidizi. Hayo mawili ya kwanza yasomeni. Wasaidizi nasema haraka: kwenye mechi nyingi mtakazopewa hakuna vibendera waliosomea, kila timu inakuletea mtu wake. Mpe bendera, mwambie kazi yake ni mpira uliotoka nje tu. Ofsaidi usimpe. Ukimpa ofsaidi, utaziona bendera ambazo hujawahi kuzisoma popote.

Beba maji na saa mbili za mkononi. Jua letu mnalijua. Refa Janny Sikazwe wa Zambia si mtoto, na Januari 2022 kule Limbe, Kamerun, kwenye Kombe la Afrika, Tunisia na Mali, alipuliza mpira umekwisha dakika ya 85, akaurudisha, akamaliza tena sekunde chache kabla ya 90. Ikaelezwa baadaye kwamba joto lilimzidi. Kama lilimzidi yeye, wewe uliyetoka bila kunywa chai ni nani?

Na mabinti, kabla mtu hajawaambia mechi za wanaume si zenu: Salima Mukansanga, jirani yetu wa Rwanda, mwezi huohuo wa Januari 2022 alichezesha Zimbabwe na Guinea kwenye Kombe la Afrika la wanaume, mwanamke wa kwanza kupuliza katikati, na mwaka uleule akaitwa Kombe la Dunia kule Qatar. Namba 10 wake walikuwa wakubwa kuliko wa kwenu.

La mwisho ni pesa. Posho yako ipokee kabla mpira haujaanza, uihesabu mbele ya timu zote mbili. Usikubali "tutaangalia baada ya mechi". Baada ya mechi anayelipa ni aliyeshinda, na aliyefungwa anajua hivyo tangu mwanzo.

Maswali nitayapokea tukiwa tunakula. Tangu Onduparaka, timu ya hapa kwetu, wapande Ligi Kuu mwaka 2016 kila kijana hapa anataka kuwa mshambuliaji, kwa hiyo saa nane nusu yenu nitawapa nafasi hiyo: mtacheza, na kazi yenu ni kulalamika kila filimbi. Nusu nyingine mtapuliza kwa zamu. Mimi nitacheza namba 10, na nitawaita mwanangu. Viatu vya uwanjani, si kandambili.