Nasikia Ubaridi, Nasikia Raha: Kupima Hisia Zinazoamshwa na Viambato vya Vipodozi

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na wanafunzi mliojitokeza mchana huu wa joto,

Naomba nianze na kitenzi. Mswahili husikia sauti, husikia harufu ya asumini, husikia baridi, njaa na uchungu, na akifurahi husema anasikia raha. Kitenzi kimoja kinabeba kazi ya masikio, pua, ngozi na moyo, na katika mazungumzo hakuna anayepotea. Lakini mtafiti wa vipodozi akiandika katika hojaji yake "Unasikia nini?", mshiriki mmoja atajibu kwamba anasikia ubaridi na mwingine kwamba anasikia raha, na mtafiti atakuwa amekusanya majibu ya maswali mawili katika safu moja.

Chukueni mentoli, kile kiambato cha mnanaa. Ngozi haihitaji kupoa ili mtu ahisi ubaridi wake, kwa sababu mentoli huamsha kipokezi kiitwacho TRPM8, kile kile kinachoamshwa na baridi ya kweli, na ubongo hupokea habari ya baridi. David Julius na Ardem Patapoutian, waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, ni miongoni mwa waliotufumbulia jambo hili. Hapo tumeeleza hisi tu, yaani kile ngozi inachopokea. Losheni hiyo hiyo, kwa kipimo hicho hicho, humburudisha aliyetoka juani Dar es Salaam saa nane mchana, na humkera aliyeamka alfajiri ya mwezi Julai kule Njombe. Kipokezi kimefanya kazi ile ile kwa wote wawili. Kilichotofautiana, yaani hisia ya moyoni, ndicho tunachotaka kukipima.

Msidhani kwamba hili ni anasa ya maabara. Tangu tarehe 31 Januari 2020, Umoja wa Ulaya umezuia silikoni mbili, D4 na D5, zisifikie asilimia 0.1 katika vipodozi vya kuosha na kusuuza. D5 ilipendwa kwa sababu huteleza kama hariri, kisha huyeyuka hewani bila kuacha mafuta mkononi. Watengenezaji wakageukia isododekani na esta zitokanazo na mimea. Mashine inaweza kuthibitisha kwamba mbadala una uzito wa kimiminika na utandaaji ngozini unaokaribiana na wa kwanza, na bado mtumiaji akaupaka, akasita, akasema, "Si ile." Hiyo "si ile" haimo katika kipimo chochote cha uzito wa kimiminika.

Je, tuuulize mwili wenyewe? Njia ya zamani ni kufunga elektrodi mbili vidoleni na kupitisha umeme mdogo usiohisika. Moyo ukisisimka, tezi za jasho huamka, na ngozi hupitisha umeme zaidi. Badiliko hilo huonekana ndani ya sekunde chache na husomwa kwa maikrosimensi, kizio cha upitishaji wa umeme. Kasoro yake ni kwamba chombo hiki kinajua ukubwa wa msisimko bila kujua mwelekeo wake. Aliyefurahishwa na moshi wa udi na aliyeshtushwa na harufu ya mafuta yaliyochacha wanaweza kuchora mstari unaofanana. Mwelekeo tunausaka usoni, kwa elektrodi juu ya msuli wa shavu unaovuta tabasamu na ule wa nyusi unaokunja uso, elektrodi ambazo hunasa mkunjo mdogo kuliko uwezo wa jicho kuuona. Hata hivyo, mtu anayefikiri sana naye hukunja uso.

Kuna tatizo jingine ambalo vitabu hulipitia haraka: nani apake? Mshiriki akijipaka, mkono unatikisika na kuchafua kipimo. Akipakwa na mgeni, mguso wa mgeni ni hisia kamili peke yake, na kwetu pwani inategemea sana mgeni huyo ni mwanamume au mwanamke. Brashi ya mashine ni safi zaidi. Tunajua kutokana na kazi iliyofanywa Göteborg, Uswidi, kwamba neva fulani nyembamba za ngozi yenye vinyweleo hupendelea mpapaso wa polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Lakini sijamwona mtu anayewahi daladala akijipaka mafuta kwa mwendo huo.

Kwa hiyo ulimi haukwepeki, na ulimi wetu una adabu zake. Mtoto wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba ukiulizwa habari, jibu ni nzuri, hata kama una homa. Nakumbuka mama mmoja aliyeniambia kwamba krimu yangu ni nzuri sana, huku chini ya meza akiifuta kwa pindo la khanga. Tangu siku hiyo siulizi "Unaionaje?" Naweka chupa mbili zisizo na jina wala manukato, moja ikiwa losheni tupu isiyo na kiambato ninachokichunguza, na namuuliza mshiriki angependa kuondoka na ipi. Kisha hufuata kurasa mbili: wa kwanza wa ngozi, wa pili wa moyo.

Maneno ya ukurasa wa pili hayaazimwi. Watafiti wa Geneva walitunga mwaka 2009 orodha ya hisia zinazoamshwa na harufu. Kazi hiyo iliporudiwa Liverpool na Singapore, kila mahali palidai orodha yake. Yetu itahitaji kutulia, kuburudika, kuchangamka, kinyaa, kero, na pengine lile la kuona umependeza hata kabla ya kutazama kioo. Linalonishinda ni "inanata", analolisema kila anayepakwa gliserini nyingi. Nililiweka kwenye ukurasa wa ngozi, lakini wanalitamka kwa sauti ya malalamiko. Nikalihamishia kwenye ukurasa wa moyo, nikalirudisha. Katika hojaji ninayoitumia sasa, limo katika kurasa zote mbili.