Taa ya Sola ya Kambini Imegoma: Ipime Kabla ya Kuitupa

Taa hii mnayoiona imelala nje misimu kadhaa. Imenyeshewa, imedondoka kutoka kwenye tawi, na kuna mtu ameikalia. Juzi ikagoma kuwaka. Wengi hapo husema betri imekufa, wakanunua nyingine. Mimi naipima kwanza, maana katika taa za kubebwabebwa nilizofungua, waya ndio mkosaji mara nyingi kuliko betri.

Andaa bisibisi ndogo ya nyota, multimita (kifaa cha kupimia umeme), kisu kikali, spiriti, mswaki wa zamani, tepu ya umeme, na chuma cha kulehemu pamoja na risasi yake. Halafu tandika kitambaa cheupe mezani. Msikicheke! Mara ya kwanza nilifungulia taa juu ya nyasi, skrubu mbili zikapotea, nikazisaka mpaka giza likaingia, na taa ya kuzitafutia ndiyo hiyo iliyokuwa vipande vipande.

Usikimbilie bisibisi. Futa paneli kwa kitambaa chenye maji, kisha iache taa juani kutwa nzima ikiwa imezimwa. Utomvu wa miti na vumbi vikigandamana juu ya kioo, jua halipiti. Ikiwaka jioni, kazi imeisha.

Haikuwaka? Tufungue. Skrubu hujificha chini ya vile vimiguu vya raba au nyuma ya karatasi ya maelezo. Inua kifuniko taratibu, kwa sababu waya za paneli zimeshikana nacho, na upige picha ya ndani kwa simu kabla hujagusa chochote.

Tazama betri. Ikiwa imevimba, imelowa au inatoa harufu ya dawa, usiichaji wala usiitoboe, na usithubutu kuitupa kwenye moto wa kambi. Ziba ncha zake kwa tepu, iweke mbali na hema, kisha ipeleke wanakopokea betri chakavu.

Yangu iko sawa kwa macho. Weka multimita kwenye volti za DC, yaani umeme wa aina ya betri, kipimo cha 20. Ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Betri hii ya lithiamu imeandikwa 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Imeandikwa pia volti 3.7, ya aina hii ikijaa husoma 4.2. Ikishuka chini ya 2.5, usilazimishe kuichaji, tafuta mpya. Hapo soma maandishi vizuri: zipo za volti 3.2 zenye umbo hilihili, na chaji ya moja haifai kwa nyingine. Rudisha aina ileile uliyoitoa.

Yangu inasoma 3.1. Haijafa, ina njaa tu. Basi nani anainyima chakula?

Elekeza paneli juani, upime pale waya zake zinapoingia kwenye bodi. Sifuri. Sasa pima nyuma ya paneli yenyewe, kwenye vile vidoa viwili vya risasi. 5.8! Umeme unazaliwa, unapotelea njiani. Pinda waya hapa kwenye bawaba: unalegea kama uzi. Shaba imekatika ndani, ganda la plastiki limebaki zima, ndiyo maana jicho halikuona kitu.

Chomoa betri na ufunike paneli. Kata kipande kibovu, menya ncha zote mbili, zisokote pamoja. Kaa mahali pasipo na upepo, chuma kisipoe. Pasha waya wenyewe moto, kisha gusisha risasi kwenye waya, si kwenye chuma. Ikikaa juu kama tone la maji kwenye jani, haijashika, rudia. Funga tepu, na uache waya ulegee kidogo kwenye bawaba. Kama huna chuma cha kulehemu, kusokota na kufunga tepu kutakuvusha safari hii, ila unyevu utakuja kuula muungano huo.

Kwa kuwa tumeshafungua, sugua swichi kwa mswaki wenye spiriti, mchanga utoke, na uiache ikauke kabisa.

Kabla ya kufunga, rudisha betri, kisha futa raba ya ukingoni. Chembe moja ya mchanga hapo inatosha kuingiza mvua. Kaza skrubu kwa kukingamisha pembe, ukiacha pale zinaposhika, kwani matundu ya skrubu kwenye plastiki huchakaa haraka.

Iache juani kutwa. Usiku iwashe, kisha fungua na ufunge kifuniko cha paneli mara kumi, uichaji tena kesho yake. Betri isipopanda, rudi kwenye bawaba: mara nyingi waya wa pili uko mbioni kumfuata mwenzake.