Chini ya Harufu Kuna Chai Gani?

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wapenzi wa chai

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kwanza niwaombe radhi ndugu zangu niliowahamishia viti vya nyuma. Si adhabu. Mmejifukiza udi mzuri sana, na leo udi na chai nyeupe tutakayoonja haviwezi kukaa meza moja. Mwonjaji wa chai hajipaki marashi siku ya kazi, na sababu yake mtaiona baada ya muda mfupi.

Mbele ya kila mmoja kuna vikombe vitano vya kauri, vyeupe ndani. Maziwa hayapo, na sukari nimeificha. Cha kwanza ni Bai Hao Yin Zhen kutoka Fuding, mkoa wa Fujian, Uchina: machipukizi matupu, hakuna jani hata moja. Cha pili ni Shou Mei ya huko huko, majani makubwa yaliyochumwa msimu ukiwa umesonga, kisha yakawekwa miaka kadhaa. Cha tatu ni machipukizi ya Nandi, ya kwetu Kenya. Cha nne ni machipukizi ya Fujian yaliyolazwa na asumini. Cha tano ni chai nyeupe yenye harufu ya pichi, na hiyo ndiyo iliyokuja katika kopo la kupendeza kuliko zote. Jina la kopo sitalitaja, sikuja hapa kugombana na mtu.

Nimevipanga hivyo makusudi. Chai tupu huonjwa kwanza, yenye harufu ya kuongezwa huja mwisho. Ukianza na pichi, kikombe cha Yin Zhen kitakuwa maji ya moto tu kinywani mwako, na utakwenda nyumbani ukisema Wachina wamekuibia.

Sasa, hii chai inatengenezwaje? Wengi wenu mmetembelea viwanda vya Kericho au Limuru. Mnajua jani likiingia kwenye mashine linapondwa, linachanwa, linakunjwa kuwa punje, na kabla ya kazi ya siku hiyo kwisha tayari limekuwa jeusi. Punje zile zimetengenezwa ziachie kila kitu kwa haraka, ndiyo maana chai yetu inabeba maziwa na sukari bila kutetereka. Chai nyeupe ni kinyume chake. Kule Fuding machipukizi yanachumwa Machi, miti inapoamka kutoka kwenye baridi, yanatandazwa juu ya nyungo za mianzi, na yanaachwa yanyauke kwa siku moja na nusu, mbili, hata tatu. Hayapondwi, hayasokotwi, hayakaangwi kwenye sufuria kama chai ya kijani. Yakishanyauka yanakaushwa kwa moto mdogo. Basi.

Msidhani ni kazi nyepesi. Mvua ikinyesha siku ya pili ya kunyausha, au chumba kikakosa hewa, machipukizi yanabadilika rangi na kunuka majani mabichi. Na hakuna hatua ya baadaye ya kufichia kosa hilo. Isipokuwa, bila shaka, ukipulizia pichi. Lakini nisitangulize maneno.

Chukueni kile kibakuli cha majani makavu ya kikombe cha kwanza. Angalieni yale manyoya meupe. Tazameni pia nilivyopima: gramu 3 kwa mililita 150 za maji, dakika tano, kwa mizani. Waonjaji wanaofuata kipimo cha kimataifa hutumia gramu 2 kwa mililita 100, dakika sita, kwa hiyo uwiano ni ule ule. Nasisitiza mizani kwa sababu machipukizi haya ni mepesi na yamejaa hewa. Kijiko kimoja cha chai yetu ya punje na kijiko kimoja cha Yin Zhen havikaribiani hata kidogo kwa uzito. Mtu anatia kijiko kimoja, anakunywa maji ya rangi ya majani makavu, kisha anatangaza kwamba chai nyeupe haina ladha. Hajainywa bado.

Maji nimetumia ya chupa. Maji ya visima vya mji huu mnayajua wenyewe, yana chumvi, na chumvi hiyo inaiua chai ya namna hii kabisa. Nimeyachemsha, nikayamimina yakitokota. Makopo mengi yanaagiza nyuzi 80. Kwa kunywa ukiwa umepumzika, sawa. Kwa kulinganisha, mimi nataka maji ya moto kabisa, kwa sababu ndiyo yanayoichokonoa chai hadi iseme kila ilichonacho, kizuri na kibaya. Wenzetu mliotoka Nairobi kumbukeni kwamba huko juu maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo hata mkijitahidi hamtaifikia chai ya Mombasa. Ongezeni dakika moja.

Haya, kikombe cha kwanza. Msinywe kwa adabu. Vuteni kwa sauti, pamoja na hewa, kama wazee barazani wanavyovuta kahawa. Ule mvuto unarusha matone hadi nyuma ya koo, na kutoka koo harufu inapanda puani. Mnasikia nini?

Mama pale mbele amesema tango. Vizuri sana. Mwingine amesema nyasi kavu. Mimi nasikia tikiti, na mwishoni utamu unaorudi baada ya kumeza, ambao haukuwepo chai ilipokuwa ulimini. Wachina wanausubiri utamu huo wa kurudi kuliko ule wa mwanzo. Tulieni nusu dakika kabla ya kuzungumza, mtauona.

Kikombe cha pili hakihitaji maelezo marefu. Rangi imekoza kuwa ya kaharabu, harufu ni ya tende na ya mbao. Fuding wana msemo kwamba mwaka mmoja ni chai, mitatu ni dawa, saba ni hazina. Hazina ya nani? Ya muuzaji, mara nyingi. Ila ni kweli kwamba chai nyeupe iliyokaushwa vyema na kuwekwa pakavu hubadilika kwa kupendeza. Na kwa kuwa mmeanza kuninong'oneza habari za sukari ya mwili na presha na kupunguza unene: hayo mpelekeeni daktari. Jambo moja tu nitalisema, maana linasambazwa sana, kwamba chai nyeupe haina kafeini. Inayo. Chipukizi changa ni mojawapo ya sehemu za mchai zenye kafeini nyingi. Usimpe mtoto saa tatu usiku ukitarajia alale.

Kikombe cha tatu, cha Nandi, wengi mmekunja uso kidogo. Ni ukakasi. Michai yetu mingi ni ya ukoo wa Assam, na ya Fuding ni ya aina nyingine, Da Bai, yenye machipukizi manene ya manyoya. Tena yetu haipati baridi ya kulala miezi kadhaa kisha kuamka. Inachumwa mwaka mzima. Kwa hiyo sitaki tukishindanishe kikombe hiki na cha kwanza kana kwamba ni mbio. Kina uzito kinywani ambao cha kwanza hakina, na mimi nakipenda. Malawi, shamba la Satemwa huko Thyolo limekwenda mbali zaidi: wanatengeneza chai nyeupe kwa vijiti vichanga vyenye manyoya badala ya majani, na watu wa mbali wanainunua. Hawakuiga Fuding. Wameutazama mchai wao wakauliza una nini.

Sasa twende kwenye ugomvi. Chukueni kikombe cha tano, tutarudi cha nne. Kinuseni kwanza. Naona nyuso zimefurahi. Ni harufu nzuri, sikatai. Sasa kila mtu abane pua kwa vidole, abane kabisa, anywe, ameze, na asiachie. Mnaonja nini?

Kimya. Kuna ukakasi, kuna uchungu kidogo, na maji. Sasa achieni pua. Naam! Pichi imerudi yote kwa mara moja. Haikuwa ulimini hata sekunde moja. Ulimi unajua tamu, chungu, chachu, chumvi na kitu kama mchuzi wa nyama. Pichi nzima iko puani. Sasa fanyeni hivyo hivyo na kikombe cha kwanza. Pua imebanwa na bado kuna kitu: ulaini, utamu mdogo, maji yaliyoongezeka uzito. Hicho ndicho ninachokiita msingi. Ulimi ndio unaosema kama kiwandani waliweka chai au waliweka kisingizio cha kubebea harufu.

Harufu ile ilifikaje pale? Vile vipande vikavu vya tunda mnavyoviona kwenye kibakuli ni mapambo, karibu havitoi chochote. Majani yamezungushwa ndani ya pipa huku yakipuliziwa mafuta ya harufu, kazi ya muda mfupi tu. Kiini kikuu cha harufu ya pichi kinaitwa gama-dekalaktoni, na hata ile inayouzwa kama harufu ya asili kwa kawaida haikutoka kwenye pichi. Hutengenezwa kwa kulisha vijidudu vya jamii ya hamira mafuta ya nyonyo. Si sumu, na wala si aibu. Kinachonikera ni kingine. Mtengenezaji mwenye akili za biashara hatapoteza machipukizi ya Machi chini ya harufu nzito hivyo, ataweka majani ya mwisho wa msimu. Kisha wewe unalipa bei ya neno nyeupe. Tazameni majani makavu ya cha tano: vipande vya kahawia vilivyovunjika. Chipukizi zima liko wapi?

Kipimo cha pili ni maji ya pili na ya tatu. Wasaidizi wanawamiminia sasa. Mafuta ya kupuliziwa hupanda na mvuke wa kwanza. Kikombe cha tano sasa hivi ni nusu ya kilichokuwa, na mkiyasubiri maji ya tatu mtabaki na ukakasi peke yake. Cha kwanza ndiyo kwanza kinafunguka, kwa sababu jani halikupondwa na linaachia taratibu. Mwenye subira aache kikombe kipoe. Chai ikiwa baridi haina pa kujificha.

Kuna bibi ameinua mkono. Anasema yeye ametia iliki na tangawizi kwenye chai maisha yake yote, je, amekuwa akificha chai mbovu? Hapana, shikamoo bibi. Chai yako ina maziwa, ina sukari, ina majani yaliyopondwa ili yapigane na hayo yote, na iliki pale ni mshirika, hakuna aliyemfunika mwenzake. Lakini iliki hiyo hiyo ukiitia kwenye Yin Zhen ni kumwimbisha msichana taarabu kando ya mashine ya kusaga mahindi. Mimi sina vita na harufu. Nauliza tu kama chai ingalipo.

Ndiyo maana kikombe cha nne nimekiacha mwisho. Kinuseni. Wanawake wa pwani hamhitaji kuambiwa, ni asumini ile ile ya kikuba. Baneni pua, onjeni. Kuna kitu chini, sivyo? Fuzhou, mji mkuu wa Fujian, wanaifanya hivi. Machipukizi hutengenezwa majira ya kuchipua, kisha yanangoja hadi kiangazi, asumini zinapokuwa na nguvu. Maua huchumwa mchana yangali yamefumba, kwa sababu asumini hufunguka jioni. Yakianza kufunguka yanachanganywa na chai kwenye marundo, usiku kucha. Chai kavu hunywa harufu, na hunywa unyevu pia. Rundo likipata joto kupita kiasi linapanguliwa lipoe, kisha linarudishwa. Asubuhi maua yanachekechwa yote na kutupwa, chai inakaushwa tena, na usiku mwingine maua mapya. Chai nzuri hupitia hivyo mara nyingi. Kwa hiyo mkiona kopo limejaa maua makavu meupe, jueni yamewekwa kwa ajili ya macho; ua lililokwisha kazi halina harufu. Tahadhari moja: nyingi za chai hizi zina machipukizi yaliyokaushwa kwa njia ya chai ya kijani, ingawa huuzwa kwa jina la nyeupe. Maji yenye rangi ya kijani kibichi na ladha ya mboga iliyochemshwa yatawaonyesha.

Hapo naona harufu imelipa kodi. Anayelaza chai na maua usiku baada ya usiku hathubutu kuanza na majani mabaya, maana gharama ya maua na usiku ule wote itapotea.

Na hapa kwetu? Nandi wana machipukizi, pwani tuna asumini, na kati yao kuna barabara. Badala yake naona vikopo vya wageni vyenye harufu ya nazi na embe vikiongezeka madukani. Wenye kutaka kujaribu nyumbani, fanyeni kidogo kidogo. Chukua gramu hamsini za chai nyeupe isiyo na harufu yoyote na maua yanayokaribia uzito huo, yaliyochumwa alasiri, yangali yamefumba. Asumini za jana kwenye nywele hazifai. Tandaza pamoja yanapoanza kufunguka, funika kwa kitambaa kisafi kisichonuka sabuni, na asubuhi toa kila ua, hata lililovunjika, maana kwa unyevu wa Mombasa petali moja iliyobaki ni ukungu. Kausha kwa joto dogo hadi chipukizi livunjike ukilikunja. Rudia usiku wa pili. Kisha weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, mbali na kabati la karafuu na mdalasini, na baada ya siku chache ipike kando ya chai ile ile ambayo haikuguswa na ua, uonje zote mbili ukiwa umebana pua.

Haya, maswali.