Jinsi ya kukitafuta kitongoji cha mababu Ayalandi

Karibuni. Mama mkwe wangu anaishi Boston, na miaka yote alichojua kuhusu asili ya bibi yake ni neno moja: Ayalandi. Leo nakuonyesha njia tuliyoipita mimi naye. Kama wewe, mwenzi wako au watoto wako mna damu ya huko, chukua daftari.

Hatua ya kwanza: anza na nyaraka za nchi alikohamia babu au bibi yako. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na majina mengi yanajirudia. Ukiingia na jina la ukoo Murphy peke yake utazama. Tafuta kwanza jina la kitongoji, au walau parokia na kaunti. Angalia cheti cha kifo, kitabu cha ndoa cha kanisa, maandishi ya kaburini. Karatasi za uraia wa Marekani za kabla ya 1906 mara nyingi huandika nchi tu. Kwa waliohamia zamani, yasome matangazo ya gazeti la The Pilot la Boston, yaliyoanza 1831: watu wakiulizia ndugu zao waliopotezana, wakitaja parokia walikotoka. Sisi tulipata jina kwenye kitabu cha ndoa, limekosewa herufi mbili.

Hatua ya pili: sensa ya 1901 na ya 1911. Zote ziko bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ayalandi. Andika jina la ukoo, chagua kaunti, kisha jaribu tena ukiweka O' mwanzoni na ukiitoa. Sasa fungua picha ya fomu yenyewe. Hapa, ndugu mtazamaji, nakuomba usikimbie. Mwaka 1911 mwanamke mwenye mume aliandikiwa watoto wake wangapi walizaliwa wakiwa hai, na wangapi bado wanaishi. Fomu yetu inasema tisa, kisha sita. Mama alikuwa hajawahi kusikia habari za hao watatu.

Umri usikuchanganye. Utakuta mtu kaongeza miaka kumi na tano ndani ya kumi. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa.

Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea Dublin mwaka 1922, jengo la kumbukumbu lilipoungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo tunazunguka.

Hatua ya tatu: vizazi na vifo viliandikishwa kwa wote kuanzia 1864, ingia irishgenealogy.ie. Kabla ya hapo, tumia vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki vya Maktaba ya Taifa. Vingi ni vya Kilatini: James anakuwa Jacobus, Bridget anakuwa Brigida. Familia nyingi zilimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Sisi tuliozoea kuwaita watoto majina ya babu zao tunalielewa hilo upesi.

Hatua ya nne ndiyo niipendayo. Fungua orodha ya Griffith, makadirio ya kodi ya ardhi yaliyochapishwa kati ya 1847 na 1864. Inataja mkuu wa kaya, mwenye ardhi, na namba ya kiwanja kwenye ramani. Kisha omba vitabu vya marekebisho vilivyofuata, vinavyohifadhiwa Dublin. Kila mabadiliko yana wino wa rangi yake: jina la baba linakatwa, la mwana linaandikwa juu, na pembeni mwaka.

Mwisho, linganisha ramani hiyo na picha ya setilaiti ya leo. Tazama kona hii ya shamba: kuta mbili za mawe, hazina paa. Mama aliniomba nisiifunge skrini, akavuta kiti karibu.